Kufumua na Kufuma Upya: Somo Kutoka Tijuana

Yapo maoni miongoni mwa walimu, na hata miongoni mwa baadhi ya wakufunzi, kwamba wimbo wa jadi ukiingizwa darasani hauna budi kufundishwa kama ulivyo: mwalimu aimbe, watoto waitikie, mwalimu asahihishe, kengele ilie. Mtoto anayeongeza au kupunguza neno huhesabiwa kuwa ameuharibu wimbo. Nia ya maoni hayo ni njema, kwani wenye nayo wanachelea urithi usije ukapotea. Mimi naona kwamba njia hiyo ndiyo inayoupoteza upesi zaidi, na ushahidi wangu nautoa mbali, katika mji wa Tijuana, kaskazini-magharibi mwa Meksiko, mpakani na Marekani.

Mwaka 2001 kundi liitwalo Nortec Collective lilitoa albamu yenye jina The Tijuana Sessions, Vol. 1. Ni muziki wa dansi uliotengenezwa kwa kompyuta na vinanda vya umeme, lakini ndani yake husikika tuba, akodioni, klarineti, tarumbeta na tarola, ile ngoma ndogo yenye mrindimo mkavu. Neno nortec limeungwa kwa maneno mawili: norteño, yaani muziki wa kaskazini mwa Meksiko unaoongozwa na akodioni, na tekno, yaani muziki wa dansi wa mashine. Anayeusikia kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba bendi ya harusi imefungiwa ndani ya kiwanda.

Mwalimu na azingatie jinsi kazi hiyo ilivyoanza. Yapata mwaka 1999, mwanamuziki Pepe Mogt alikusanya kutoka studio za muziki kanda za bendi za norteño na za bendi za matarumbeta zenye asili ya jimbo la Sinaloa. Hazikuwa santuri zilizokamilika, bali rekodi za majaribio na vipande vilivyoachwa. Studio huweza kurekodi kila ala katika mkondo wake, hivyo tuba yaweza kusikilizwa bila ya klarineti, na tarola bila ya tuba. Mogt aliwagawia rafiki zake vipande hivyo, kila mmoja akatengeneze apendavyo. Ramón Amezcua, daktari wa meno ambaye katika muziki hujiita Bostich, akatoa kibao kiitwacho Polaris, kilichojengwa juu ya tarola na tuba. Fernando Corona, ajiitaye Terrestre, na Pedro Gabriel Beas, ajiitaye Hiperboreal, nao wakatoa vya kwao. Malighafi ilitoka chungu kimoja, lakini hakuna kazi iliyofanana na mwenzake.

Yafaa kukumbuka kwamba vijana hao walikuwa wamekulia katika muziki wa elektroniki wa Ulaya. Muziki wa akodioni walikuwa wakiusikia barabarani na katika vilabu vya mji wao, lakini kwa vijana wengi wa mjini wa aina yao huo ulikuwa muziki wa washamba. Heshima yao kwake haikuletwa na hotuba juu ya utamaduni. Ilikuja walipoishika tuba peke yake masikioni, wakagundua kwamba kumbe ina mambo.

Tazama basi darasa letu. Hatuna studio, na kwa kazi hii hatuihitaji. Wimbo wa ngoma wa kijijini una sauti ya kiongozi, kiitikio, makofi, ngoma yenyewe na mwendo wa miguu. Kipindi cha kwanza chote kitumike kuvitenga: ngoma ilie peke yake huku watoto wamefumba macho, kisha makofi peke yake, kisha kiitikio bila kiongozi. Hatua hii ndiyo walimu wengi wanaoanza kazi huiruka, kwa kuwa darasa huonekana kama halifanyi lolote. Bila hiyo, kinachofuata ni kelele tu, na mwalimu mkuu atakuwa na haki ya kuja dirishani.

Baada ya hapo makundi yapewe vipande vilevile, kila kundi chini ya mti wake, na yaambiwe kuunda upya. Kundi moja litaanza kwa makofi. Jingine litarudia neno moja la kiitikio mara ishirini, kama kompyuta inavyozungusha kipande kimoja cha sauti bila kuchoka. Jingine litamnyamazisha kiongozi kabisa. Sharti liwe moja: mzee aliyeuleta wimbo aweze kuutambua. Katika kusahihisha, mwalimu asipime ni kundi gani limemkaribia yeye. Aulize: mmebakiza nini, na kwa nini hicho?

Najua nitajibiwa kwamba huko ni kuchezea mali ya wazee. Lakini akodioni haikuota katika ardhi ya Meksiko. Ililetwa kutoka Ulaya katika karne ya 19, pamoja na dansi ya polka, na wenyeji wakaifanya yao. Pwani yetu nayo iliipata ngoma ya beni kwa vijana waliozitazama bendi za kijeshi za wakoloni, wakachukua walichokitaka. Huo tunaouita muziki halisi wa mababu, aghalabu ulikuwa mchanganyiko mpya wa vijana wa zamani.

Hata hivyo pingamizi hilo lina upande wenye uzito, na hapo albamu ya Tijuana hainiridhishi. Majina ya Mogt na Amezcua yamevuka bahari. Mpiga tuba aliyepuliza katika kanda zile zilizoachwa, nani amtaja? Afadhali kwamba katika albamu ya mwaka 2005, Tijuana Sessions, Vol. 3, kundi hilo liliwaita wapigaji wenyewe wa ala hizo kuja kupiga, na baadaye Bostich na mwenzake Fussible, ambaye ndiye Pepe Mogt, wakawa wakipanda jukwaani na mpiga akodioni na mpiga tuba. Kwa mwalimu wa shule ya msingi jambo hili si la kuahirishwa. Kabla ya kundi lolote kuonyesha kazi yake, mtoto mmoja asimame ataje wimbo umetoka kwa nani na kijiji gani. Na siku ya kuonyesha, huyo mzee apelekewe mwaliko, apewe kiti cha mbele, na akisema kwamba kundi la tatu limekosea, watoto waketi wamsikilize anavyoeleza ni wapi.