Lafudhi ya Uriri si kichekesho

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Hapana shaka stesheni ya Maisha Magic East, inayowafikia watazamaji kwa setilaiti kupitia DStv, imesaidia kuitimiza kauli hiyo. Tamthilia kama vile Selina na Njoro wa Uba zimewawezesha Wakenya kujitazama na kujisikia katika runinga ambayo kwa miaka mingi ilitawaliwa na michezo ya kigeni. Hata hivyo, yafaa tuulize: je, kila Mkenya husikika humo kwa heshima iliyo sawa?

Nauliza hivi nikiwafikiria wanafunzi wa Uriri, katika Kaunti ya Migori, ambako kwa wengi Kiswahili hujifunzwa baada ya Dholuo. Dholuo haina sauti sh wala z. Ndiyo maana mwanafunzi anayeanza hutamka “sule” badala ya “shule”, na “masiwa” badala ya “maziwa”. Mwanaisimu haoni upungufu wa akili hapa. Huona athari ya lugha ya kwanza, ile ile inayomtaabisha Mwingereza anapojaribu kumtaja ng’ombe.

Katika vichekesho vyetu, lakini, lafudhi hii imekuwa mtaji wa kicheko tangu zamani. Mfano mashuhuri ni Vitimbi, kipindi cha KBC. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alimwigiza Mzee Ojwang’ kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo. Ufundi wake ulikuwa mkubwa, nami simlaumu. Tatizo huzuka pale lafudhi inapofunguliwa mlango mmoja tu, ule wa mzaha. Mtoto anayesikia usemi wa kwao ukichekwa kila jioni hujifunza kunyamaza darasani. Na lugha haipatikani kwa kunyamaza.

Yamkini baadhi ya walimu watasema kwamba matamshi sanifu sharti yalindwe. Nakubaliana nao, kwani huo ni wajibu wao. Lakini tusisahau kwamba Kiunguja kilikuwa lahaja moja miongoni mwa nyingi kabla ya kuteuliwa, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kiliteuliwa ili kuwe na kipimo kimoja cha vitabu na shule. Hakikuteuliwa ili wasemaji wengine wadharauliwe.

Tangu Septemba 2025 MultiChoice, mwenye DStv, imo mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Huu ni wakati mwafaka wa watazamaji kusema wanachotaka. Binafsi ningependa kumwona hakimu, daktari au mwalimu mkuu anayezungumza kwa lafudhi ya Nyanza, na mtazamaji akayasikiliza maneno yake pasipo kuambiwa acheke.

Walimu nao wasingoje. Isimujamii hutahiniwa katika KCSE, na tamthilia hizi zimesheheni mifano ya sajili, lafudhi na kuchanganya ndimi. Mwalimu wa Uriri na awaulize wanafunzi wake: mhusika huyu anazungumza hivi kwa nini, na sisi tunamcheka kwa nini? Atakayelijibu swali la pili kwa uaminifu atakuwa amejifunza isimu, na zaidi ya isimu.