Heshima ya DJ na Deni la Mpiga Ala

KWA muda mrefu sasa umekuwapo mjadala, mara barazani, mara katika ofisi zinazoshughulikia utamaduni, juu ya nafasi ya DJ katika muziki wetu. Wapo wanaosema kwamba DJ ni mpiga santuri tu, mtu avunaye asipopanda, na kwamba sifa yote ni ya bendi iliyoutunga muziki na ya mtayarishaji aliyeurekodi. Wapo pia, na wengi wao ni vijana, wanaoshikilia kwamba muziki wa leo usingekuwapo kabisa bila ya DJ. Gazeti hili linaona kwamba jambo hili si la mzaha wala si la vijana peke yao. Linahusu jasho la watu, na katika nchi hii suala la jasho halijapata kuwa dogo.

Ndugu zetu wa visiwani wanaoshuka bandarini Dar es Salaam na kwenda Kariakoo kununua bidhaa wanapajua Mchikichini. Wanalijua soko la mitumba la Karume, lile lililoteketea kwa moto Januari 2022. Mwenye kupita pale huipata singeli masikioni kabla hajaiona nguo machoni. Muziki huo hupita mapigo 200 kwa dakika na mara nyingine hukaribia 300, hata mtu mzima akadhani chombo kimeharibika. Mgeni akiuliza ni bendi gani hiyo, ataambiwa hakuna bendi. Kuna kijana mmoja mwenye kompyuta, na mwenzake mwenye kipaza sauti. Hapo ndipo swali la nani astahili sifa linapokuwa gumu, na ndipo tunapotaka kulitazama.

Tuanze na bendi, kwani mkubwa huanza. Kizazi kilichokua baada ya Uhuru kiliona bendi zikilelewa na umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mpaka leo watu huiita Msondo. Vijana Jazz ililelewa na jumuiya ya vijana ya TANU. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 na baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ambalo ukumbi wake wa Kariakoo uliwachezesha watu wa tabaka zote. Mpiga gitaa alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, na fundi mitambo aliyekaa nyuma ya kioo akipanga sauti hakutajwa na mtu. Jambo hilo la fundi mitambo tunaomba lisisahauliwe, maana linaonyesha kwamba tabia ya kumsifu mtu mmoja na kuwaacha wengine gizani haikuanza na kompyuta.

Katika zama hizo mpiga santuri alitazamwa kwa jicho la shaka, na shaka hiyo ilikuwa na msingi. Muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969, hoja ilikuwa kwamba vijana walikuwa wakilishwa utamaduni wa kigeni. Disko zilipoenea katika miaka ya 80, wanamuziki walilalamika kwamba mwenye ukumbi alikuwa akimlipa mtu mmoja mwenye sahani za Ulaya na Marekani badala ya kuwalipa watu kumi na wawili wenye ala. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. DJ wa wakati ule alikuwa dalali wa kazi ya wengine. Tena wengine hao walikuwa mbali, hata wasijue kwamba santuri yao inachezwa Kinondoni.

Lakini mambo hayakusimama hapo. Radio One ilipoanza kutangaza mwaka 1994, palikuwa na vijana waliokwisha kuimba kwa Kiswahili mtindo wa kufokafoka, na hapakuwa na mlango wa kupitia. Mlango ulifunguliwa na watangazaji wa kipindi cha DJ Show, Taji Liundi na Mike Mhagama, na huyo wa pili ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliupa muziki ule jina la Bongo Flava. Kuchagua wimbo wa kijana asiyejulikana na kuuweka hewani mbele ya wimbo wa Marekani ni kazi. Haikuwa kazi ya kutunga, wala haikuwa ya kurekodi, lakini pasipo kazi hiyo mtunzi angeendelea kujiimbia uani kwao.

Katika miaka hiyo hiyo watayarishaji kama Master Jay na P Funk walikaa mbele ya kompyuta na kufanya yaliyokuwa yakifanywa na mpiga ngoma, mpiga besi na mpiga kinanda kwa pamoja. Hatujasikia mtu akiuliza kama P Funk anastahili sifa. Jina lake lilitajwa ndani ya nyimbo zenyewe. Basi, iwapo mtu anayepanga sauti studioni ni msanii, kwa nini anayepanga sauti mbele ya halaiki ya watu, usiku, pasipo nafasi ya kurudia akikosea, aitwe mcheza kanda?

Hapa ndipo singeli inapotufundisha. Mizizi yake imo katika mchiriku wa vijana wa Kizaramo, wale waliounganisha vinanda vidogo vya Casio na spika za tarumbeta. Kikundi cha Jagwa Music cha Mwananyamala kimeupeleka mchiriku huo mpaka Ulaya. Mzizi wa pili ni taarabu. Katika sherehe za usiku kucha zilizoitwa vigodoro, ma-DJ wa Manzese, Tandale na Mburahati walikuwa wakichukua kile kipande cha ala kinachopigwa waimbaji wanaponyamaza, wakakirudia tena na tena, wakakiongeza kasi, na mwenye kipaza sauti akaghani juu yake. Vigodoro vilipigwa vita na viongozi wa mitaa kwa ajili ya makelele na maadili, na aliyewahi kukeshwa navyo mlango wa pili hawezi kuwalaumu viongozi hao. Hata hivyo, katika kelele hizo ulizaliwa muziki ambao haukuwapo popote duniani.

Jambo kama hilo limepata kutokea kwingine, na lilitokea kwa mkono wa mtu wa kisiwani. Clive Campbell, mzaliwa wa Kingston nchini Jamaica, ajulikanaye kwa jina la Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe ya mtaani Bronx, New York, Agosti 1973. Aliona kwamba watu walikuwa wakisubiri kile kipande ambacho ngoma hubaki peke yake, naye akatumia santuri mbili zilizo sawa kukirefusha. Kutokana na kitendo hicho ukajengwa muziki wa hip hop, na leo hakuna mwanachuoni anayeandika historia yake akamwacha yule DJ akaanza na bendi. Ma-DJ wetu wa Mburahati walifanya kwa taarabu kile ambacho Herc alifanya kwa santuri za Kimarekani. Tofauti ni kwamba wetu tunawaita wahuni.

Wageni hawakuwaita hivyo. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati uitwao Sounds of Sisso. Ikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019, na Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022. Katika kazi hizo jina lililo juu ya jalada ni la mtengeneza midundo. Ugenini DJ amekwisha kupewa cheo sawa na bendi, na amealikwa katika matamasha kwa jina lake. Nyumbani, wimbo wa singeli unapovuma, tunamjua aliyeimba. Aliyeutengeneza huulizwa kwa nadra. Tunasema bila kusita kwamba hiyo ni dhuluma, na kwamba DJ wa aina hii anastahili sifa ile ile apewayo kiongozi wa bendi.

Tukisema hayo hatujamaliza. Turudi Mchikichini, kwenye cherehani zilizopangwa kando ya marundo ya nguo. Fundi wa pale huchukua gauni la mtumba lililotoka Ulaya, akalikata, akalibana kiuno, akageuza mikono, likatoka gauni jingine. Hakuna anayemwita mwizi. Gauni hilo ni kazi yake na fedha aipatayo ni halali yake. Lakini nguo ile ilitoka katika bali, na bali ilinunuliwa. DJ wa singeli ni fundi kama huyo, tena fundi hodari. Kitambaa chake je, amekinunua?

Swali hili linawahusu moja kwa moja wasomaji wetu wa Unguja na Pemba. Taarabu ya kisasa iliyochezwa Dar es Salaam imejengwa kwa sehemu kubwa na watu wa visiwani. Bi Khadija Kopa alitoka Culture Musical Club ya Unguja kabla ya kuwika na TOT. Mzee Yussuf, mwanzilishi wa Jahazi, ni mtoto wa Zanzibar. Nyuma yao wapo wapiga vinanda, magitaa na fidla ambao majina yao hayakupata hata kuandikwa kwenye jalada la kanda. Vidole vyao vimo ndani ya midundo inayowachezesha maelfu, nao hawakuulizwa wala hawakulipwa. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kwamba mtenda kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Jasho la wengine kati ya hawa lilikauka zamani, na wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Hatulaumu vijana. Kijana wa Mburahati aliyekuwa na kompyuta ya kuazima hakuwa na wa kumwomba ruhusa, na angekuwa naye asingejua ofisi iko wapi. Lawama yetu tunaielekeza kwenye ofisi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, inamtambua mwimbaji na mpiga ala, inamtambua mtayarishaji wa rekodi na chombo cha utangazaji. DJ hakutajwa kwa jina lake, hivyo hujiandikisha kwa kivuli cha mtayarishaji, au hajiandikishi kabisa. Zaidi ya hayo, hakimiliki si jambo la Muungano. Bara iko COSOTA, Zanzibar iko COSOZA chini ya sheria yake ya mwaka 2003. Kipande cha ala kilichopigwa na mtu wa Ng'ambo, Unguja, kikarudiwa Mburahati na kuchezwa Mchikichini, kinadondoka baharini katikati ya ofisi mbili, na kila moja ina haki ya kusema hicho si changu.

Tunawaomba wahusika wa pande zote mbili wakae pamoja. Fomu ya kuandikisha kazi iwe na nafasi mbili ambazo haziepukiki: moja ya aliyetengeneza mdundo, hata kama anajiita DJ, na nyingine ya kutaja mdundo huo umechukuliwa katika wimbo gani na ala zilipigwa na nani. Redio zinazocheza singeli zitaje jina la mtengenezaji pamoja na la mwimbaji; hilo halihitaji sheria wala bajeti, na linaweza kuanza kesho asubuhi. Mgawo wa mirabaha ufuate majina hayo.

Kwa upande wa visiwani ipo kazi isiyoweza kungoja kikao. Vikundi vya taarabu vinazo kumbukumbu za nani alipiga nini na mwaka gani, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imo vichwani mwa wazee, wala haijaandikwa popote. COSOZA ipeleke karani mwenye daftari na chombo cha kurekodia katika klabu hizo, awasikilizishe wazee midundo ya singeli inayochezwa leo, na wao watamwambia ni kinanda cha nani.