Ganda la Buni si Takataka

Kila ufikapo msimu wa kuchuma kahawa katika miteremko ya Oldeani na Mbulumbulu, wilayani Karatu, mashine za kumenyea buni huacha chungu ya maganda mekundu. Kwa uzito, ganda bichi ni karibu asilimia 40 ya tunda zima. Punje huoshwa, huanikwa na kupelekwa sokoni, ganda hutupwa. Likitupwa kando ya kijito, uozo wake huyanyang'anya maji oksijeni, na akina mama watekao maji bondeni ndio wa kwanza kuijua harufu yake.

Kumbe humo mna mali. Ganda la buni lina asidi ya klorojeni na tanini, viambato viitwavyo antioksidanti. Kazi yake huonekana jikoni: mafuta yaliyoachwa wazi huchacha kwa sababu ya oksijeni, na viambato hivi hukawiza uharibifu huo. Ndiyo maana watengenezaji wa vyakula na vipodozi huvitafuta. Ganda hukaushwa upesi, husagwa, hulowekwa katika maji moto au maji yaliyotiwa spiriti, huchujwa, kisha maji hugeuzwa mvuke hadi ubaki unga. Loweko la spiriti ni la kiwandani. Lisijaribiwe karibu na mafiga.

Wayemeni wamekunywa kishri, chai ya maganda na tangawizi, kwa karne nyingi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliruhusu ganda kavu litumike katika vinywaji. Hata Ngorongoro, Wamasai na Wabatemi hutia magome katika supu ya nyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta fenoli na saponini katika mimea ya Wabatemi.

Hata hivyo, asikimbilie mtu kuchemsha maganda ya shamba lolote. Mibuni hupuliziwa dawa, na mrututu waweza kubaki gandani. Ganda lililolazwa chunguni huota ukungu. Kafeini nayo imo, haimfai mtoto.

Kwa maoni yangu, vyama vya ushirika vianze na vichanja vya kuanikia maganda siku ile ile ya kumenya, na kupima mabaki ya dawa, kabla hajatokea mnunuzi wa kuyabeba bure kwa kisingizio cha kusafisha uwanja. Zaidi ya robo tatu ya ganda bichi ni maji. Basi mkulima apime kwanza kilo ngapi bichi humpa kilo moja kavu, ndipo ataje bei.