Tamko la Kamati za Wazazi na Walimu wa Shule za Sekondari za Karuba Kuhusu Asilimia za Mtihani wa Serikali na Kuingia Chuo Kikuu

Sisi, wajumbe wa kamati za wazazi, pamoja na walimu na maprefe, yaani wakuu, wa shule za sekondari za Karuba, teritwari ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, tunalielekeza tamko hili kwa Wizara ya Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, kwa Wizara ya Elimu ya Kitaifa na Uraia Mpya, na kwa wakuu wa vyuo vikuu na vyuo vya juu vya Goma, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa. Neno letu linahusu asilimia iliyoandikwa kwenye diploma ya Serikali, na namna inavyosomwa siku mtoto wetu anapofika kwenye dirisha la kujiandikisha.

Hatukukutana kuulaani Mtihani wa Serikali, Exetat kama kila mtu anavyouita. Tunalitanguliza hili kwa sababu wapo watakaosoma kichwa cha habari tu na kusema kwamba watu wa Masisi sasa wanataka D6, yaani diploma ya Serikali, za bure. Exetat ipo tangu mwaka 1967. Kwa miaka yote hiyo mtoto wa Karuba amepewa itemu zilezile anazopewa mtoto wa Gombe, Kinshasa, na masahihisho yamefanyika mbali na macho ya wanaomjua baba yake. Kwa familia isiyo na mjomba ofisini hilo ni jambo kubwa. Walimu kadhaa waliotia saini hapa walitoka vilimani kwa mlango huohuo. Tungelazimishwa kuchagua kati ya Exetat na barua ya mheshimiwa fulani, tungechagua Exetat papo hapo.

Tunachokikataa ni kuisoma ile asilimia kana kwamba wote walioketi asubuhi ile walikuwa na mwaka mmoja wa masomo nyuma yao.

Tangu mapema mwaka 2023 vita vimepita, vikaondoka na kurudi kwenye vilima vya Mushaki, Karuba na kuelekea Ngungu. Februari 2024, mapigano yalipofika karibu na Sake, familia nyingi zilishuka hadi kambi za Bulengo, Lushagala na Mugunga. Huko mwenye bahati alipata zamu ya alasiri katika darasa la kugawana na shule nyingine, na asiye na bahati alibaki akipanga foleni ya maji. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia Goma penyewe. Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka, na wengi walikuta nyumba haina bati na shule haina dawati, kwa kuwa madawati yalikuwa yamekwisha kuwa kuni. Benki za Goma zikafunga milango wakati ambapo mzazi alitakiwa kutafuta ada ya mtoto kushiriki mtihani. Hatusemi hapa ni nani alishika barabara gani na lini. Tamko ni fupi, na sisi tunataka kulala nyumbani kwetu. Tunakumbusha tu kwamba nchi yetu iliunga mkono Azimio la Shule Salama mwaka 2016, na kwamba mtu yeyote mwenye bunduki aliyelala darasani alikula sehemu ya asilimia za watoto.

Hata bila vita, mwaka wa Karuba una mapengo yake. Elimu ya msingi imetangazwa bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari mzazi bado analipa. Anamlipa hata mwalimu, kwa sababu shuleni mwetu wamo walimu wa NU, wale ambao wanasubiri mshahara wa Serikali huku wakifundisha kwa kile kinachotoka kwenye viazi na maharage yetu. Msimu ukiwa mbaya, mwalimu wa fizikia anaondoka, na mara nyingi huwa ni mmoja tu. Shule nyingi za vijijini zinafungua chaguo la pedagojia kwa sababu linahitaji chaki na ubao. Palipo na kemia-biolojia hakuna maabara. Itemu inamuuliza mtoto rangi itakayotokea baada ya kuchanganya dawa mbili, naye hajawahi kuona rangi hiyo ila kwa chaki nyeupe. Kisha kuna lugha. Nyumbani ni Kihunde au Kinyarwanda, sokoni ni Kiswahili, na mtihani ni Kifaransa. Mtoto wa mjini anasikia Kifaransa kwenye televisheni na kwa jirani. Wa kwetu anakisikia kwa mwalimu, yaani siku ambazo mwalimu yupo.

Kuna pia lile ambalo watu hulisema chini kwa chini. Asilimia nyingine kubwa zimenunuliwa. Majibu yanayozunguka usiku wa kuamkia mtihani, yale yanayoitwa muyembe, hayafiki kwa mtu asiye na fedha, na palipo na mtandao dhaifu hayafiki kabisa. Hatudai kwamba watoto wetu ni watakatifu kuliko wengine. Umaskini umewaondoa sokoni.

Sasa tufuate karatasi hadi chuoni. Sheria inasema mwenye 50% amefaulu, na diploma yake ni diploma kama ya mwingine. Lakini vitivo vinavyokimbiliwa, udaktari na polytechnique hasa, mara nyingi huweka kizingiti juu ya hapo. Mwenye asilimia kubwa hupokewa kwa makaratasi tu. Mwenye 52% huelekezwa kwenye jaribio ikiwa lipo, na lisipokuwepo anaambiwa atafute kitivo kingine. Bursari nazo hufuata mkondo uleule. Mpango wa Excellentia wa taasisi ya Mama Denise Nyakeru Tshisekedi, kwa mfano, huwatafuta walioongoza katika Exetat, na hatuuonei wivu. Ila tunauliza mlaureati wa kwetu angetoka wapi, ikiwa darasa lake lilifungwa miezi ambayo wenzake walikuwa wakifanya marudio.

Tuseme finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mmoja wa Goma au Kinshasa amepata 68%, na mwingine wa Karuba, aliyehama mara mbili na kusoma kemia bila mwalimu kuanzia Pasaka, amepata 54%. Ni yupi ataweza zaidi masomo ya udaktari? Hatujui, na dirisha la uandikishaji nalo halijui. Tofauti ni kwamba dirisha linajibu kana kwamba linajua. Mnunuzi wa viazi anayepanda huku kwetu huuliza kwanza shamba lilipata mvua gani ndipo azungumze juu ya mbegu, na hakuna anayemwona mjinga.

Hapa hatuombi huruma. Kifungu cha 13 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinakataza Mkongomani kubaguliwa katika elimu, na miongoni mwa sababu kinazozitaja, pamoja na dini, asili ya familia na hali ya maisha, kimeandika makazi. Waliotunga kifungu hicho waliona kwamba mahali mtu anapolala usiku panaweza kumfungia mlango. Kizingiti kinachosomwa bila kuuliza mtoto alisomea wapi, na alisoma wiki ngapi, kinafanya kazi ya ubaguzi wa makazi hata kama aliyekiweka hakukusudia.

Tulijadili dawa kadhaa, na tunaona haki kueleza tulizozikataa.

Ya kwanza ni pointi za nyongeza kwa kila mtoto wa maeneo ya vita. Wazazi wengi waliipenda, walimu wakaipinga, na mwishowe walimu walishinda. Siku tutakapoongezewa pointi, kila daktari na kila enjinia kutoka Masisi ataulizwa zipi ni zake na zipi ni za vita, hata yule ambaye hakuhitaji kuongezewa. Akina mama wa kamati walitukumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Makerere, kwa jirani zetu wa Uganda, kiliwaongezea wasichana pointi 1.5 kuanzia mwaka 1990, na wasichana wakaongezeka madarasani. Ni kweli. Juu ya wasichana hatukufikia neno moja, na tunaiacha hoja hiyo ikiwa wazi, kwa sababu binti wa Karuba hukosa siku nyingi kuliko kaka yake hata katika mwaka wa amani.

Ya pili ni mgao wa mikoa. Wazee wanaukumbuka wa wakati wa Zaïre, enzi za chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, kilichoundwa mwaka 1971. Nafasi ziligawanywa kwa mikoa ili pasiwe na mkoa unaobeba zote. Leo mgao wa Kivu ya Kaskazini ungeishia Goma na Butembo kabla haujapanda Mushaki. Na tukisema ushuke hadi teritwari, kwetu Masisi na kwa ndugu zetu wa Walikale, tunajua swali litakalofuata: watoto wa jamii ipi? Hatutaki orodha ya chuo kikuu iwe sababu mpya ya kuhesabiana makabila. Tumekwisha kuhesabiana vya kutosha.

Tulichokubali kinaanzia shuleni. Madarasa yetu yanachanganya watoto wa jamii zote, na ndani ya darasa moja wote walipata mwaka uleule, mwalimu yuleyule, kimbio lilelile. Aliyeongoza hapo ameonyesha kitu ambacho asilimia peke yake haikionyeshi. Jimbo la Texas, Marekani, lilitunga sheria mwaka 1997 kwamba wanafunzi walio katika sehemu ya kumi ya juu ya kila shule wapokelewe katika vyuo vikuu vya jimbo, shule iwe ya matajiri au ya maskini. Tunaomba vitivo vyetu vyenye kizingiti viwafungulie mlango walioongoza katika kila shule iliyofanyisha Exetat, ilimradi wamefikia 50%. Tunaijua hila itakayokuja: mzazi wa mjini atamhamishia mwanawe shule ya kijijini mwaka wa nne wa humanité, ule ambao wazee bado wanauita wa sita, ili aongoze kirahisi. Basi nafasi hiyo iwe ya aliyesoma shuleni humo angalau miaka miwili. Aliyehamishwa na vita, na ambaye jambo hilo limethibitishwa na inspekta, miaka yake ihesabiwe pamoja popote alipoisomea.

Pia tunaomba kila mwenye diploma ya Serikali aruhusiwe kufanya jaribio la kuingia kitivo anachokitaka, pasipo kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya namba. Akishindwa jaribio, ameshindwa. Jaribio hilo lifanyike pia hapa mkoani, maana nauli ya kwenda Kinshasa ni kizingiti kirefu kuliko asilimia yoyote.

Ombi tunalolishikilia kuliko yote ni dogo kwa gharama: asilimia isisafiri peke yake. Kila finalisti apewe karatasi moja ya mwaka wake, inayotaja wiki ambazo masomo yalitolewa, masomo yaliyokosa mwalimu, na mara ambazo shule ilifungwa au kuhama. Chuo kiisome pamoja na diploma. Tutaambiwa kwamba katika nchi hii karatasi hununuliwa. Ndiyo maana tunapendekeza isiandikwe upya na mtu yeyote, bali itolewe kwenye jurnali ya darasa, ile ambayo mwalimu anaijaza kila siku na inspekta anaipitia, kisha itiwe saini na prefe na inspekta kabla ya mtihani wenyewe, wakati ambapo hakuna anayejua nani atapata ngapi.

Kwa upande wetu tunaahidi haya. Maprefe wa Karuba wataanza kutunza karatasi hiyo kuanzia mwaka huu wa masomo, hata kabla ya wizara kujibu. Kamati za wazazi zitagharamia daftari na kalamu, na nakala moja itawekwa nje ya shule, mahali ambapo moto au mtu mwenye haraka hatazipata zote kwa pamoja. Prefe atakayeongeza wiki za uongo, au kuzipunguza, jina lake litafikishwa kwa inspekta na sisi wenyewe, wala hatutangoja kuulizwa.

Nakala za tamko hili zinapelekwa kwenye ofisi ya elimu ya Masisi, kwa wenzetu wa kamati za wazazi za Mushaki, Sake, Ngungu na Walikale wanaoalikwa kulisahihisha na kulitia saini, na kwa wakuu wa vyuo waliotajwa hapo juu. Tunawaomba wakuu hao watujibu kwa maandishi kabla ya matokeo ya Exetat ijayo kutangazwa, ili mtoto ajue atakwenda kwenye dirisha lipi akiwa na karatasi zipi.

Limesomwa na kukubaliwa Karuba, mbele ya wazazi, walimu na finalisti.