Kitunguu Saumu: Chakula Chenye Nafuu, Wala Si Badala ya Dawa



Mama mmoja ametuletea barua, na kwa kuwa aliyoyauliza yeye wanayauliza wengi, tumeona ni wajibu kumjibu katika ukurasa huu ili wengine nao wapate faida. Mume wake ana maradhi ya shinikizo la damu, na daktari amempa vidonge vya kumeza kila siku. Sasa mzee huyo ameletewa katika simu yake maneno yasemayo kwamba mwenye kumeza punje tatu za kitunguu saumu kila asubuhi kabla ya kufungua kinywa hahitaji tena dawa ya hospitali, na kwamba hiyo ndiyo tiba ya Mtume (S.A.W.). Basi ameviweka vidonge kando. Mama anauliza, je, amwache?

Jawabu letu tunalitanguliza, kwani jambo lenyewe halingoji: asimwache. Mzee avirudie vidonge vyake leo hivi, ende na kwa daktari akapimwe. Na kitunguu saumu aendelee kukila katika mchuzi wake kama alivyozoea. Sababu zake ndizo hizi zifuatazo.

Tuanze na hilo la kuambiwa kuwa ni tiba ya Mtume. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 61, Bani Israili walipochoka na chakula cha namna moja walimtaka Nabii Musa awaombee mimea ya ardhini, na miongoni mwa walivyovitaja kuna neno moja ambalo wafasiri wengine wamelifasiri kuwa ni ngano na wengine kuwa ni kitunguu saumu. Hapo pana habari ya chakula, hapana habari ya dawa. Ama katika Hadithi zilizo sahihi, yaliyo mashuhuri kabisa juu ya kitunguu hiki ni habari ya harufu yake: kwamba aliyekila kibichi asiukaribie msikiti. Na Mtume alipohamia Madina akakaa kwa Abu Ayyub al-Ansari, siku moja alirudisha chakula bila ya kukigusa kwa kuwa kilikuwa na kitunguu saumu. Abu Ayyub akaingiwa na khofu, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, illa Mtume mwenyewe aliichukia harufu yake. Basi hayo maneno yanayozungushwa, eti Mtume amesema kinaponya maradhi sabini, hayamo katika Bukhari wala katika Muslim, na mtu asimsingizie Mtume jambo kwa ajili ya kuuza dawa au kujipendekeza kwa jamaa zake. Yaliyothibiti kwake ni kwamba tujitibu, kwani kila ugonjwa una dawa yake.

Hata hivyo hatusemi kuwa kitunguu saumu (au thomu, kama wasemavyo ndugu zetu wa Mombasa na Lamu) hakina nafuu. Kinayo, na inafaa kuijua ilivyo. Ukikishika kizima hakinuki sana. Ukikitwanga au kukikatakata ndipo harufu inapofumka. Sababu yake ni kwamba ndani ya punje mmetengwa vitu viwili: kimoja huitwa aliini, na cha pili ni kimeng'enya kinachoibadilisha aliini hiyo. Maadamu punje ni nzima havikutani. Kisu au mchi ukipita vinachanganyika, na mara hiyo huzaliwa kitu kipya chenye salfa, kiitwacho alisini. Wataalamu wawili wa Marekani, Cavallito na Bailey, ndio walioitenga alisini mwaka 1944, wakaona kuwa katika chupa za majaribio inaua vijidudu vya namna nyingi. Basi ile harufu iwakerayo watu ndiyo hiyo hiyo yenye nguvu. Sayyidna Umar aliwaambia watu kwamba asiyeweza kuviacha vitunguu hivi na avipike mpaka harufu ife. Na kweli moto ukiua harufu huua pia sehemu kubwa ya nguvu, kwani kimeng'enya hakistahimili joto.

Hapa akina mama wana jambo dogo la kuwafaa jikoni. Kitunguu kikishatwangwa kisitiwe mara moja katika mafuta ya moto. Kiache kama dakika kumi ubaoni huku ukimenya mbatata zako, ili alisini ipate kufanyika kwanza. Wengi huanza kwa kukikaanga mpaka kikawa cheusi: hicho kimepoteza ladha na kimepoteza nafuu, na pilau lenyewe linakuwa chungu.

Sasa twende kwenye shinikizo la damu, nako ndiko kwenye swali. Mwaka 2020 yalikusanywa matokeo ya majaribio 12 yaliyofanywa kwa watu 553 wenye maradhi haya. Waliotumia kitunguu saumu, na wengi wao walikitumia kwa vidonge vya unga au vya maji yake yaliyotengenezwa kiwandani, shinikizo lao la juu lilishuka kwa kadiri ya alama 8. Si haba. Lakini ndugu msomaji, fanya hesabu. Mtu mwenye 180 akishuka alama 8 anabaki na 172, na 172 ni hatari ile ile ya kiharusi, na moyo, na mafigo. Tena maradhi haya hayana kelele. Mtu huamka mzima, akajiona hana kitu, akasema kitunguu kimemponya, hali mishipa yake inaumia kila siku. Hawezi kujua kwa kujihisi. Atajua kwa kupimwa tu.

Kuhusu mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli, watu walitumaini mengi. Mwaka 2007 chuo kikuu cha Stanford huko Marekani kilitoa matokeo ya jaribio la watu 192 kwa miezi sita: wengine walikula kibichi, wengine vidonge vyake, wengine vidonge visivyo na kitu. Haikuonekana tofauti yoyote ya maana baina yao. Na wakati wa maradhi ya korona, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna ushahidi wa kitunguu saumu kumkinga mtu nayo, ingawa ni chakula chema.

Madhara ya kukiweka chakula mahali pa dawa yameshaonekana kwa taifa zima. Huko Afrika ya Kusini, waziri wa afya wa zamani, Manto Tshabalala-Msimang, aliwahimiza wagonjwa wa ukimwi kula kitunguu saumu, ndimu na kiazisukari, huku serikali ikichelewesha dawa zenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba kwa kuchelewa huko, baina ya mwaka 2000 na 2005, roho zaidi ya 330,000 zilipotea. Wala hao hawakuuawa na kitunguu, walikosa dawa. Na wanaotumia dawa nao wana la kujua: uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa kama nusu kiasi cha dawa moja ya ukimwi, saquinavir, katika damu. Kwa hiyo anayemeza vidonge hivi amwambie daktari wake, asione haya.

Yako mengine ya kutahadhari, tuyapitie upesi. Kitunguu saumu kingi huifanya damu ichelewe kuganda; anayetumia dawa za kulainisha damu, au anayengojea kupasuliwa, aseme mapema. Kukimeza kibichi kabla ya kufungua kinywa huwaletea wengi kiungulia. Kukiponda na kumfunga nacho mtoto kifuani au mguuni humuunguza ngozi kama moto, na watoto wamelazwa kwa hilo. Tena kukiweka ndani ya chupa ya mafuta na kuiacha kabatini ni khatari kuliko watu wanavyodhani: mwaka 1985, mjini Vancouver, watu 36 waliugua sumu mbaya ya chakula kutokana na kitunguu kilichohifadhiwa hivyo. Tengeneza cha siku, au kiweke katika barafu.

Limebaki la harufu, khasa kwa vijana wetu waendao sala ya Ijumaa na tarawehe. Kupiga mswaki kunasaidia kidogo tu, kwani sehemu ya harufu huingia katika damu ikatoka kwa pumzi masaa mengi baadaye. Imejaribiwa ikaonekana kuwa maziwa yakinywewa pamoja na chakula hicho hicho, au tofaa bichi, au majani ya nanaa, huipunguza sana. Basi anayekipenda kibichi na akile usiku baada ya Isha, pamoja na bilauri ya maziwa.