Kabla ya kulipia sedani ya mtumba, itafute namba ya chesesi

Wiki mbili zilizopita msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Mlimba alitutumia ujumbe kipindi cha asubuhi kikiwa hewani. Ameuza mpunga, amepata mtu Dar es Salaam anayemuuzia sedani ya kifahari kwa shilingi milioni 15, na alitaka jambo moja tu: "Naombeni mnijulishe kama hii gari haina tatizo." Alituma na picha tatu. Gari linang'aa, viti vya ngozi, namba E.

Hatukumjibu hewani, kwa sababu picha za gari lililooshwa hazijibu swali lake. Tulimwomba picha ya nne, ya namba ya chesesi. Hakuwa nayo. Dalali alimwambia haina haja, gari limeingia nchini juzi tu.

Tuanzie kwenye hiyo "namba E", maana kila msimu wa mavuno inawauzia watu wetu magari. Herufi ile inakwambia gari limesajiliwa lini Tanzania, haikwambii limetengenezwa lini. Sedani iliyotoka kiwandani mwaka 2006, ikatembea Japani au Uingereza miaka kumi na mitano, ikifika bandarini inapewa namba mpya kama nyingine zote. Mnunuzi anaona namba mpya, anahisi gari jipya. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi ya gari, na ndio wenye maana kwa habari tunayoieleza leo.

Habari yenyewe ni hii. Kiwanda cha magari kikigundua kwamba gari kilizokwisha kuuza zina kasoro ya hatari, hutoa wito wa kuzirejesha kwa wakala ili zitengenezwe bure. Wito huo humfikia mmiliki kwa barua, kwa anwani iliyoandikwa kwenye usajili wa nchi ile. Gari likishauzwa mnadani Yokohama na kupakiwa melini, barua inaendelea kwenda kwa mzee wa Japani ambaye hana gari tena. Kwako Ifakara haifiki.

Wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari ulihusu mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Marekani peke yake ilihusisha takriban mifuko milioni 67, na duniani kote imepita milioni 100, kwenye magari ya kampuni nyingi tofauti. Takata yenyewe ilikiri kosa la ulaghai mahakamani Marekani mwaka 2017, na mwaka huohuo ikaomba kufilisika. Zaidi ya watu 25 wamekufa Marekani na mamia wamejeruhiwa. Malaysia nako wamekufa.

Ndani ya usukani, na ndani ya dashibodi mbele ya abiria, kuna kopo dogo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge vinawaka kwa sekunde ndogo sana na gesi inajaza mfuko. Takata ilitumia amonia naitreti. Mkulima anaifahamu kemikali hii kuliko anavyodhani, kwa sababu imo pia kwenye mbolea ya CAN. Na kila aliyewahi kuacha mfuko wa CAN wazi wakati wa masika anajua inavyovuta unyevu, ikaganda mabonge, ikaharibika. Ndani ya lile kopo mambo hayaendi mbali sana na hapo. Joto la mchana, ubaridi wa usiku na unyevunyevu, mwaka baada ya mwaka, huvilegeza vidonge. Siku vikiwashwa vinaungua haraka kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinaruka kuelekea shingoni na usoni mwa mtu aliyekaa mbele. Ajali yenyewe inaweza kuwa ndogo, ya kugongana kwenye foleni.

Hali ya hewa inayoharibu kopo hizi ndiyo hali yetu. Wakazi wa bonde hili hatuhitaji kuelezwa joto lenye unyevu ni nini. Ufaransa wamelipata somo hili kwa uchungu. Sehemu kubwa ya vifo vyao vilitokea kwenye maeneo yao ya ng'ambo yenye joto, kama Guadeloupe huko Karibiani na Réunion iliyo hukuhuku kwetu Bahari ya Hindi. Kisha Juni 2025 mwanamke mmoja akafa karibu na Reims, kaskazini mwa Ufaransa kwenye baridi, na serikali ikaamuru magari mengi yenye mifuko hiyo yasiendeshwe kabisa mpaka yatengenezwe. Umri nao unaua: kopo lililokaa miaka kumi na tano kwenye baridi si salama tena. Lililokaa muda huo kwenye joto, hata kidogo.

Sasa tuingie kwenye sedani zenyewe, zile zinazopendwa kwa harusi na kwa heshima ya mjini. Mei 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, na BMW waliwaambia wenye magari yapatayo 90,000 ya miaka 2000 hadi 2006 wasiyaendeshe hata kwenda dukani. Miongoni mwake ni BMW 3 Series ya umbo la E46 na 5 Series ya E39. Lexus IS za mwaka 2006 hadi 2013 na Lexus ES za 2007 hadi 2012 ziliitwa kwa ajili ya mfuko wa upande wa abiria. Mercedes C-Class za kipindi hichohicho nazo zimo. Haina maana kwamba kila gari la aina hizo ni bovu, kwani mengi yamekwisha kubadilishwa kopo. Lakini lipi limebadilishwa na lipi bado, macho hayajui, na fundi naye hajui mpaka apate namba ya chesesi.

Hapa tuseme wazi, kwa sababu mafundi watatu tuliozungumza nao walitofautiana. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi haigundui kasoro hii. Inagundua waya uliokatika au kihisio kilichokufa, ila vidonge vilivyoharibika havina njia ya kuiwasha. Mashine ya kusomea makosa, ile inayochomekwa chini ya usukani, nayo haivioni. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeipima, iko safi", amekupa jibu la swali jingine.

Wengine wametuuliza: si magari haya yanakaguliwa kabla hayajaingia? Yanakaguliwa, na TBS wana viwango vyao vya magari yaliyotumika. Lakini ukaguzi wa namna hiyo unatazama breki, taa, matairi, chesisi, gari lilivyo siku ile. Kuna na tundu jingine kule linakotoka. Japani tangu mwaka 2018 ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko hatari ya Takata ambayo hayajatengenezwa. Cheti hicho ni cha kutembea kwenye barabara za Japani. Gari linalofutiwa usajili ili lisafirishwe nje halihitaji kuwa nacho. New Zealand, ambao hununua mitumba ya Japani kama sisi, waliliona tundu hilo mapema: mwaka 2018 walilazimisha wito kwa mifuko ya kundi hatari zaidi, na wakazuia gari lenye mfuko huo kuingia nchini mwao. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la kuwauliza wakubwa wa hapa, na tutawauliza.

Kwa sasa kazi inabaki kwako na simu yako. Namba ya chesesi ipo kwenye kadi ya gari, na imegongwa kwenye mwili wa gari au kwenye kibati ndani ya chumba cha injini. Zisome zote mbili, zilingane herufi kwa herufi. Zisipolingana, hilo ni tatizo kubwa kuliko mfuko wa hewa, ondoka.

Namba za magari yaliyouzwa kwa soko la Japani ni fupi na zina kistari katikati. Crown nyingi zilizoko mitaani zinaanza na GRS200, Mark X za mwanzo zinaanza na GRX120, kisha kistari, kisha tarakimu. Namba hizi usipoteze muda kuziingiza kwenye tovuti ya Marekani, inataka namba ya herufi na tarakimu 17 na itakukatalia. Nenda kwenye tovuti ya kiwanda ya Japani. Ya Toyota ni toyota.jp, tafuta ukurasa wa wito. Itafunguka kwa Kijapani, lakini kivinjari cha simu kitakuuliza kama utafsiriwe, kubali. Gari lenye namba ya tarakimu 17, kama BMW au Mercedes, peleka namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni au kwa wakala wake. Kama lilitoka Uingereza na una namba yake ya usajili ya kule, tovuti ya serikali yao inaonyesha wito kwa namba hiyo. Haili bando kubwa. Asiye na simu ya intaneti amwombe kijana wa duka la vocha.

Usitafute mifuko ya hewa tu. Mwaka 2010 Toyota waliita takriban magari 270,000 ya Lexus na Crown kwa sababu ya springi za valvu zilizokuwa na kasoro. Injini ingeweza kuzima gari likiwa mwendoni. Crown zilizoguswa zilikuwa za injini kubwa, kama ya lita 3.5, si ile ya 2.5 iliyozoeleka. Ndiyo maana tunasisitiza namba badala ya jina la gari.

Yapo na magonjwa yasiyo na wito, ya uchakavu tu. Injini ya Mark X ya lita 2.5 hujaza masizi kwenye valvu na kutetemeka gari likiwa limesimama. Liwashe asubuhi likiwa baridi, usikubali kulikuta tayari limepashwa moto. BMW hizi zina mifumo ya kupozea yenye plastiki nyingi zinazokauka na kupasuka, na barabara yetu ya vumbi haizihurumii. Mercedes C-Class ya W204 ina kifungo cha umeme cha usukani ambacho kikifa gari haliwaki kabisa, na ile yenye injini ndogo ya petroli inajulikana kwa mnyororo wa taimingi unaolegea. Uliza bei ya hivyo vipuri kabla ya kununua, na uulize fundi wa karibu nawe kama ana mashine ya kuisoma gari hiyo. Gari la heshima lililosimama chini ya mwembe miezi mitano halina heshima.

Ukikuta wito ambao haujatekelezwa, mwandikie wakala wa chapa hiyo, mpe namba, omba jibu la maandishi kama atabadilisha kopo kwa gari lililoingizwa na mtu binafsi. Mawakala hawajibu sawasawa. Usikubali fundi akuchomolee mfuko pale gereji, ile ni kemikali inayolipuka. Usikubali pia mfuko wa skrepa, kwa kuwa huenda umetoka kwenye gari lililoitwa kwa kosa lilelile. Jihadhari vilevile na gari ambalo taa ya mfuko wa hewa haiwaki hata sekunde moja unapofungua swichi. Inatakiwa iwake, kisha izime. Isipowaka, kuna mtu ameichezea.

Wakati wa kusubiri, kama kasoro iko upande wa abiria, kiti kile kibaki kitupu. Ushauri huo Toyota waliwahi kuwapa wateja wao Marekani. Tunajua ulivyo mgumu kwa michomoko yetu, ambayo kiti hicho kimoja hubeba watu wawili, mara nyingi mama na mtoto mapajani.

Msikilizaji wetu wa Mlimba alimbana dalali kwa siku nne akapata picha ya kadi. Gari ni la mwaka 2007. Tuliingiza namba pamoja naye, yeye kwenye simu, sisi studio, na ukatokea wito wa mfuko wa hewa wa upande wa abiria. Muuzaji amemwambia ana karatasi za Japani zinazoonyesha ulishabadilishwa, atazituma. Mpaka tunaandika hapa hazijafika, na shilingi milioni 15 bado ziko kwa mwenyewe.