Maua ya Kyoto na Mibuyu ya Nyalikungu

Kila mwaka majira ya kuchipua, watu humiminika katika hekalu la Kishinto la Hirano, mjini Kyoto, Japani, kutazama miti ya cheri ikichanua. Sherehe hiyo ilianza mwaka 985, zama za Mfalme Kazan. Wengi huja kuburudisha macho, wala hapana ubaya. Lakini thamani kubwa ya maua ya Kyoto kwa sayansi imo katika jambo dogo: watu waliandika tarehe.

Watawa na makabaila walitaja katika shajara zao siku maua yalipofikia kilele, na kumbukumbu ya kwanza ni ya mwaka 812. Hawakujua kuwa wanapima joto. Cheri huwahi kuchanua majira yanapokuwa na joto. Hivyo shajara hizo, zilizokusanywa na mtafiti Yasuyuki Aono, zimekuwa kipimajoto cha miaka 1,200. Mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi, siku moja mapema kuliko mwaka 1409, ambao hadi hapo ulishika nafasi ya kwanza.

Nyalikungu, wilayani Maswa, nako miti huchanua. Mbuyu hufungua ua lake jeupe jioni, popo hulichavusha usiku, na kesho yake huanguka. Wakulima wazee huisoma miti kabla ya kupanda pamba, ila usomaji wao hauna daftari, nao wanapungua.

Yafaa kukiri kwamba mbuyu si cheri. Katika nchi za joto miti mingi hufuata zaidi unyevu kuliko joto, na maana ya tarehe zake ni ngumu kufasiri. Hiyo ni sababu ya kuanza mapema, si ya kukata tamaa. Shule ichague miti mitatu, ikiwezekana ndani ya ngitili, yale malisho ya hifadhi ya Wasukuma yaliyohimizwa na mradi wa HASHI tangu 1986, wakati Maswa ikiwa bado mkoani Shinyanga. Wanafunzi waandike siku ua la kwanza linapofunguka, na mvua iliyopimwa. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, mfululizo wote hukatika.

Daftari lenyewe lisiwe mali ya mwalimu wa baiolojia, kwa kuwa mwalimu huhamishwa. Likabidhiwe mkuu wa shule, lifungiwe kabatini pamoja na rejista ya wanafunzi.